Kutoka Bagamoyo hadi kaburi nililolikwepa

Nimesharudi Dar es Salaam. Haya nayapanga kutoka kwenye kijidaftari nilichokuwa nacho mfukoni njia nzima, pamoja na picha za simu, ambazo nyingi ni za barabara na za sahani za chakula.

Mimi ni padre wa shirika. Nilipadrishwa mwaka 1997. Mwaka 2025 ulikuwa Mwaka Mtakatifu na wenzangu kadhaa walienda hija Roma. Mimi niliomba ruhusa ya siku nane kwa hija ya namna nyingine. Mwaka 1999, katika parokia yangu ya kwanza huko magharibi mwa Tabora, kuna mtu alikufa nikakataa kumzika. Sitaitaja parokia wala marehemu, kwa heshima ya waliobaki. Niliandika barua kwa paroko wa sasa, nikapiga simu kumuulizia katekista wa zamani, nikaambiwa yu hai na mjane wa marehemu naye yu hai. Basi nikafunga mkoba.

Nilisafiri bila kola ya upadre. Miaka 28 nimekuwa nikipewa kiti cha mbele kwenye kila gari, na kipande kizuri cha kuku kwenye kila meza. Safari hii nilitaka nikae pale tiketi itakaponiweka.

Jumatatu, 4 Agosti. Bagamoyo

Kwenda Tabora kupitia Bagamoyo ni kwenda kinyume, najua. Lakini nilitaka kuanzia pale njia ya bara ilipoanzia, na tarehe 4 Agosti ni sikukuu ya Yohane Maria Vianney, msimamizi wa maparoko, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kwenye kiti cha maungamo katika kijiji cha Ars, Ufaransa. Nilipanda basi la asubuhi Makumbusho, nikashuka Bagamoyo kabla jua halijawa kali.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868 wakitokea Zanzibar. Wageni wengi huenda moja kwa moja kwenye makumbusho na kwenye mbuyu wenye mnyororo. Mimi nilikwenda makaburini kwanza. Ukisoma tarehe kwenye misalaba ile unaanza kutoa hesabu bila kutaka: huyu aliishi miaka 28, huyu 31. Wengine walifika, wakaugua homa, wakazikwa kabla hawajajua Kiswahili cha kutosha kuhubiri. Nilikaa hapo saa nzima na rozari.

Halafu nikaenda kwenye mnara wa kanisa la zamani. Hapo ndipo mwili wa David Livingstone ulipolazwa Februari 1874. Habari hii niliisikia toka utotoni kama habari ya Livingstone. Safari hii niliisikia kama habari ya waliombeba. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, ambako leo ni Zambia. Moyo wake waliuzika pale pale chini ya mti, na Jacob Wainwright, kijana aliyesoma shule ya misheni, akasoma sala za maziko. Kisha Susi, Chuma na wenzao wakaukausha mwili, wakaufunga, wakaubeba kwa miguu miezi tisa hadi pwani, ili mtu yule akazikwe na watu wa kwao. Hakuna aliyewaamuru. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa padre.

Niliandika kwenye kijidaftari: "Miezi tisa. Mimi niliombwa kilomita ishirini na tatu."

Kwa atakayekwenda: vaa viatu vilivyofunika miguu, majani ya makaburini yana miiba. Na usiondoke bila kushuka hadi kwenye msalaba ulioko karibu na ufukwe. Samaki wa kukaanga na mihogo pale sokoni nilikula kwa shilingi 5,000 nikashiba hadi usiku.

Jumanne nilirudi Dar, nikafua, nikalala mapema.

Jumatano, 6 Agosti. Treni hadi Dodoma

Treni ya mwendokasi, daraja la kawaida, Dar hadi Dodoma ilikuwa shilingi 31,000. Kata tiketi mtandaoni siku kadhaa kabla, hasa wiki ya Nane Nane, na usisahau kitambulisho, kwa sababu jina kwenye tiketi linalinganishwa na jina lako mlangoni. Nilimwona baba mmoja akirudishwa nje na begi lake. Fika mapema, ukaguzi una mistari.

Safari ni kama saa tatu na nusu. Mwaka 1997 nilipokwenda Tabora mara ya kwanza, kwa treni ya zamani, nilitumia mchana, usiku na mchana mwingine, nikashuka na vumbi masikioni. Sasa nilitazama milima ya Uluguru ikipita dirishani kabla chai haijapoa. Ilikuwa sikukuu ya Kung'ara kwa Bwana. Nilisali masifu kimya, kitabu kikiwa mapajani.

Morogoro alipanda mama mmoja, umri wa kama miaka hamsini, na boksi la chupa za mafuta ya alizeti. Alikuwa anaenda kwenye maonyesho ya Nane Nane viwanja vya Nzuguni. Aliniuliza nitafikia wapi, nikamwambia nitatafuta nyumba ya wageni. Akaniangalia kwa huruma. "Baba, wiki hii Dodoma? Hupati."

Alisema kweli. Gesti ya kwanza imejaa, ya pili imejaa, ya tatu walitaka shilingi 80,000 kwa chumba ambacho siku nyingine wangetaka 25,000. Ningeweza kupiga simu moja tu nikapokewa kwenye nyumba yoyote ya mapadre mjini. Simu nilikuwa nimeishika tayari mkononi. Yule mama, tuliyekuwa tumepeana namba kituoni, akanipigia kabla yangu. "Umepata? Sikukwambia? Njoo kwa mdogo wangu."

Walinipa chumba cha watoto. Watoto watatu walitandikiwa mkeka sebuleni, wakafurahia kama sikukuu. Tulikula ugali wa uwele na mlenda, na samaki mmoja ambaye mwenye nyumba alimgawa mara saba. Baada ya kula walisali rozari, na mwishoni mdogo wa yule mama akaniambia mimi mgeni nifunge sala. Nikasali kwa maneno machache. Akasema, "Mzee, unasali kama katekista."

Sikumwambia kitu. Nililala nikiwa nimelishika neno lile, maana makatekista ndio walionifundisha kazi hii. Seminari ilinifundisha Misa. Katekista alinifundisha kwamba ukifika kwenye msiba unakaa kwanza chini na wanaume wenzako, unapokea moto wa kuota, na hutoi neno mpaka mwenye msiba akutazame.

Alhamisi, 7 Agosti. Dodoma hadi Tabora

Basi liliondoka stendi ya Nanenane saa kumi na mbili asubuhi, nauli shilingi 27,000. Kiti changu kilikuwa cha nyuma kabisa, katikati, bila pa kuegemea. Manyoni tulinunua mahindi ya kuchemsha. Itigi tulijaza maji. Baada ya Itigi ni pori, na pori lile ni refu. Lami sasa ni nzuri. Njia hii enzi zangu ulikuwa huipiti masika bila jembe na mnyororo ndani ya gari.

Wazee wa misafara waliita eneo hili Mgunda Mkali. Mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadre Weupe ulitoka Bagamoyo mwezi Juni ukielekea maziwa makuu. Mmoja wa viongozi wao, Padre Pascal, alifia njiani kabla ya kufika Tabora. Nilikuwa namuwaza yeye basi lilipotoa mlio chini ya sakafu, likayumba, likasimama. Springi ilikuwa imekatika.

Tulikaa pale saa nne na dakika arobaini. Utingo aliondoka kwa lori kwenda kutafuta springi nyingine. Mtandao haukushika. Wanawake walitandika khanga chini ya mti wa mninga, watoto wakalala. Kijana mmoja mwenye ndoo ya asali aliyokuwa anaipeleka Tabora aliifungua, akatugawia kwa kijiko kimoja tulichokuwa tunakipitisha. Hakutaka hela.

Karibu yangu alikaa mzee wa Kiislamu, mwenyeji wa Tabora mjini, akirudi kutoka msibani Morogoro. Alitayamamu kwa udongo, akasali adhuhuri, kisha akafungua mfuko wa tende akanipa nusu. Tukazungumza habari za msiba aliotoka. Marehemu alikuwa binamu yake, mlevi, mtu asiyeonekana msikitini miaka na miaka.

Nikamuuliza, "Na wakamsalia?"

Akanishangaa. "Kwetu sisi maiti haulizwi kitu, ndugu yangu. Kuoshwa, kuvishwa sanda, kusaliwa na kuzikwa ni faradhi ya kifaya. Mji mzima ukinyamaza, mji mzima una dhambi. Wakitokea wachache wakazika, wengine wamevuliwa mzigo."

"Hata kama alikuwa hasali?"

"Atahesabiwa na aliyemuumba. Yetu sisi ni udongo."

Nilimwomba ayarudie maneno hayo niyaandike. Akarudia polepole kama anayemsomesha mtoto. Sikumwambia mimi ni nani, na hadi leo najuta kidogo kwamba sikumwambia, kwa sababu alikuwa amenipa kitu kikubwa bila kujua.

Sheria ya Kanisa yenyewe si mbali na mzee yule. Kanuni ya 1184 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inataja wachache wa kunyimwa maziko: waasi wa imani, wazushi na wafarakano waziwazi, wanaochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, na wadhambi wa hadharani ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, ikiwa walionyesha dalili yoyote ya kutubu kabla ya kufa, wanazikwa. Ukiwa na shaka unamuuliza askofu. Zaka haimo. Kutohudhuria jumuiya hakumo. Niliisoma seminarini, nikafaulu mtihani wake.

Tulifika Tabora saa tatu usiku. Kwa wanaokuja njia hii: beba lita tatu za maji, chakula kisichooza, na sweta. Agosti mchana ni jua na upepo, usiku baridi inauma.

Ijumaa, 8 Agosti. Kwihara

Nane Nane ni mapumziko, na ofisi zilifungwa. Nilikodi bodaboda kwenda na kurudi Kwihara kwa shilingi 10,000. Kuna tembe ambalo Livingstone alikaa baada ya Stanley kumkuta Ujiji mwaka 1871. Hapa ndipo walipoachana, na hapa ndipo alipongoja hadi Agosti 1872 ndipo akaanza safari yake ya mwisho.

Kilichonileta ni jambo lililotokea baada yake. Oktoba 1873 wale wabebaji walifika hapa na maiti. Walimkuta Mwingereza mmoja, Cameron, aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa hapa, njia ya mbele ni ya hatari. Wakakataa. Wakamnyanyua wakaendelea.

Nilisimama kwenye ua wa tembe, upepo ukipeperusha vumbi jekundu. Wangekuwa na sababu zote za kumwacha: uchovu, njaa, hatari, ushauri wa mkubwa. Uchovu hasa. Niseme wazi hapa jambo ambalo sikuwahi kulisema kwenye mafungo yoyote. Miaka ile ya mwisho wa tisini tulikuwa tunazika kila wiki, wiki nyingine mara tatu. Ukimwi ulikuwa unapita nyumba hadi nyumba na dawa za kurefusha maisha hazikuwa zimefika kwetu. Vijana wa umri wangu. Nilikuwa padre wa miaka miwili, nina vigango kumi na saba, yaani makanisa madogo ya vijijini chini ya parokia, na gari moja bovu. Nilipoanza kuwa mkali, kuuliza kadi, kuuliza zaka, kuuliza ndoa, nilidhani natetea Kanisa. Nilikuwa nimechoka, na kadi ilinipa ruhusa ya kutokwenda.

Jioni nilikula wali na nsansa, mboga ya majani yaliyokaushwa, iliyoungwa kwa karanga. Miaka zaidi ya ishirini sijaionja.

Jumamosi, 9 Agosti. Kijijini

Hiace ya Urambo ilinichukua asubuhi, shilingi 7,000, watu ishirini na mbili na mbuzi mmoja. Kutoka Urambo niliendelea kwa gari jingine, nikashuka kwenye njia panda ya parokia. Paroko ni kijana, angeweza kuwa mwanangu. Alinipokea vizuri, akasoma barua yangu ya utambulisho, akasema, "Padre, kigango hicho kesho sina wa kumtuma. Mungu amekuleta." Nilimweleza sababu ya safari. Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Na mimi nina mmoja. Wa mwaka jana." Hatukuendelea zaidi ya hapo.

Patana bei na bodaboda kabla ya kupanda, na uwe na fedha taslimu. Wakala wa huko aliishiwa salio toka Alhamisi. Mimi sikuhitaji kupatana siku hiyo, maana Mwalimu alikuwa ametuma mjukuu wake na baiskeli mbili.

Mwalimu ndivyo anavyoitwa katekista huku, hata akistaafu. Ana miaka 81. Alinikuta njiani kabla ya kufika kwake, amevaa koti. "Tumsifu Yesu Kristo, Baba Padre." Nikamjibu milele amina, nikataka kupiga magoti, akanishika viwiko. "Usinifanyie hivyo, watoto wanaangalia."

Tulikaa chini ya mwembe, nyuma yetu bani tupu, banda la kukaushia tumbaku, la msimu uliopita. Mkewe alileta matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga, na chai yenye asali. Ndipo Mwalimu akatoa madaftari. Alikuwa akiandika kila kitu tangu mwaka 1978: ubatizo, wagonjwa, mavuno, mvua. Akafungua la mwaka 1999, akanipa nisome mwenyewe.

Nilichokuwa nakikumbuka mimi ni jioni moja ya mwezi Septemba. Mwalimu alikuja kwa baiskeli, jasho limekauka shingoni, akasema fulani amefariki, maziko kesho. Nilifungua rejista. Uchumba sugu, miaka kumi na mbili na mama yule bila ndoa. Zaka hajatoa miaka mitatu. Jumuiya hayumo. Nikasema, "Wamzike wenyewe." Mwalimu aliniangalia, akasema, "Haya Baba," akageuza baiskeli usiku ule ule. Nilikula nikalala. Hayo nilikuwa nayo miaka yote 26.

Daftari lilikuwa na zaidi. Tarehe 22 Agosti, kwa mwandiko wake wa kalamu ya wino: "Mgonjwa anaomba Padre. Anataka kufunga ndoa na mama watoto na kupakwa mafuta. Nimepeleka taarifa." Tarehe 29: "Nimepeleka tena. Padre anasema gari halina mafuta, atakuja wiki ijayo." Tarehe 5 Septemba: "Bado anauliza." Tarehe 11: "Amefariki alfajiri."

Nilisoma mara mbili. Sikukumbuka ujumbe wa kwanza. Wa pili niliukumbuka nilipousoma, na nikakumbuka kwamba wiki ile gari lilikuwa na mafuta.

Mwalimu alikuwa anamenya karanga. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia jioni ile kwamba mtu huyu aliomba ndoa, aliomba mpako. Akasema, "Nilikwambia, Baba. Ulikuwa unaandika."

Sikupata usingizi usiku ule.

Jumapili, 10 Agosti. Kigangoni

Injili ya Jumapili ya kumi na tisa, mwaka C, ni Luka 12. Inaanza kwa utamu: "Msiogope, enyi kundi dogo." Mbele kidogo kuna yule mtumwa anayesema moyoni bwana wangu anakawia, akaanza kuwapiga wajoli wake. Sikuwa nimeichagua, kalenda ndiyo iliyoichagua. Kanisa lilijaa hadi nje. Nilihubiri dakika sita. Nilisema: mimi ndiye padre aliyekataa kumzika baba wa familia fulani ya kigango hiki mwaka 1999, alikuwa ameniita akiwa hai nikachelewa, na nimekuja kuomba msamaha kwa familia na kwenu mliokwenda kumzika bila mimi. Nikakaa. Wazee wawili wa mbele waliitikia kwa kichwa. Mtoto akalia, mama yake akatoka naye nje.

Baada ya Misa, Mwalimu alinipeleka kwa mjane. Ni mama mwembamba, macho yameanza ukungu. Nilimsalimia kwa Kinyamwezi, mwadila, akacheka kwamba sijasahau. Nilipiga magoti uani kwake na safari hii Mwalimu hakunizuia.

Mama akasema, "Baba, ulikuwa kijana. Mimi niliacha zamani, ningeulea vipi ule uchungu na watoto watano? Aliyebaki nao ni huyu wa kwanza. Alikuwa na miaka kumi na moja. Ndiye aliyeshika msalaba siku ile." Akaonyesha kwa kidevu. Mwanamume wa karibu miaka arobaini alikuwa nje ya ua, anafunga mnyororo wa pikipiki. Hakuinua uso.

Tulikwenda kaburini wote: mama, wajukuu, Mwalimu, wanakwaya wachache. Kaburi limezungushiwa mawe, limefagiwa. Nilivaa stola ya zambarau, nikasoma sala za maziko tangu mwanzo hadi mwisho, nikanyunyiza maji ya baraka. Nilipofika pa kutaja jina la marehemu sauti ilikatika, Mwalimu akalitaja kwa niaba yangu, kama alivyofanya mwaka ule. Mwana wa kwanza alisimama mbali kidogo, karibu na mgomba, kofia ya pikipiki mkononi.

Walituchinjia jogoo. Mama alinipa firigisi kwa mkono wake. Kisha akaniambia ana ombi moja. Siku moja alikwenda parokiani kutafuta cheti kwa ajili ya mjukuu, akaambiwa jina la mumewe halimo kwenye kitabu cha marehemu. "Wajukuu wananiuliza babu yao alizikwa Mkristo au vipi. Nataka awemo kwenye kitabu."

Jumatatu, 11 Agosti. Ofisini

Mwana wa kwanza ndiye bodaboda wa kijiji, na Mwalimu alikuwa amepanga naye anipeleke parokiani, kisha hadi njia panda. Kilomita 23 hadi parokiani. Alinipa kofia, akanionyesha pa kuweka mguu, akaondoa. Njia ni mchanga mwingi, anaendesha kwa utaratibu, anajua kila mzizi. Nilimwambia jina langu la nyumbani. Nilimwambia samahani. Upepo ulikuwa mkali na sijui kama alisikia. Mahali pa daraja la magogo alisimama, akaniambia, "Shuka, vuka kwa mguu." Ndiyo maneno pekee ya njia nzima.

Ofisini, paroko alikwisha kuvitoa vitabu kabatini. Ukurasa wa Septemba 1999 ni mwandiko wangu, mistari yote imejaa, majina kumi na manne mwezi ule peke yake, na hakuna nafasi. Tukakubaliana aandikwe kwenye ukurasa wa mwaka huu, na kwenye safu ya maelezo iandikwe tarehe aliyokufa, aliyemzika, yaani Mwalimu, na tarehe ya sala za jana. Paroko akanipa kalamu.

Mwana wa marehemu alikuwa amebaki mlangoni. Nilipoanza kuandika aliingia, akasimama nyuma ya bega langu. Nilikuwa nimefika katikati ya jina la pili.

"Siyo R," akasema. "Ni L."

Nikakata, nikaandika upya juu yake, nikamsogezea kitabu. Akakisoma kwa kidole, herufi moja moja, tangu jina la kwanza hadi tarehe ya maziko. Akasema, "Sawa."

Alinipeleka hadi njia panda. Nauli shilingi 15,000. Nilimpa noti mbili za elfu kumi, nikamwambia aache. Akafungua pochi, akahesabu 5,000, akaniwekea mkononi. Hiace ya Urambo ilikuwa inakuja, akaisimamisha yeye kwa mkono, akaniinulia mkoba juu.